Meno ya Kahawia, kutoka Colorado hadi Maji ya Chai

Mwaka 1901 Frederick McKay, kijana aliyehitimu udaktari wa meno mwaka mmoja kabla katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alianza kazi katika mji wa Colorado Springs, chini ya milima ya Rocky nchini Marekani. Hakukaa sana kabla ya kuona jambo ambalo walimu wake hawakuwahi kumgusia. Wagonjwa wake wengi, hasa waliozaliwa na kukulia pale pale, walikuwa na madoa kwenye meno ya mbele. Kuna waliokuwa na mawaa meupe yaliyopauka, kuna wenye mistari ya manjano, na kuna ambao meno yao karibu yote yalikuwa ya kahawia iliyokolea. Mswaki haukufua dafu. Vyuma vya daktari navyo havikufua dafu. McKay akarudi kwenye vitabu vyake vya chuo na hakuona aliyeandika lolote juu ya habari hiyo.

Wenyeji wenyewe hawakuona ajabu. Doa lile lilikuwa na jina, doa la kahawia la Colorado, na kila mtu alikuwa na sababu yake mkononi. Wapo waliosema watu wa kule wanakula nyama ya nguruwe kupita kiasi, wapo waliolaumu maziwa ya ng'ombe wa milimani, na wapo waliosema maji yana chokaa. Madaktari wa meno waliomtangulia McKay walikuwa wameliona kila siku ya Mungu mpaka likaacha kuwashangaza. Ilibidi aje mgeni ndipo aulize.

Msomaji wa Usa River, Naivasha au Nakuru huenda ameshajua ninakoelekea. Huku kwetu pia mtu akicheka mbele ya wageni, wapo wanaosema papo hapo ametokea upande gani wa nchi. Lakini kisa hiki hakiwezi kusimuliwa kuanzia Arusha. Lazima kipite kwanza katika miji midogo ya Marekani, kwa sababu huko ndiko watu walikosumbuka miaka thelathini kutafuta chanzo cha doa, na humo njiani, bila kukusudia, wakachangia sehemu kubwa ya utaalamu ambao leo unauzwa katika kliniki za kupendezesha tabasamu.

McKay aliondoka Colorado Springs kwa miaka michache, akafanya kazi St. Louis, akarudi mwaka 1908. Doa bado lilikuwa linamkera. Akamwandikia Greene Vardiman Black, mkuu wa shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Northwestern kule Chicago, ambaye wakati ule hakuwa na mfano wake katika fani hiyo Marekani nzima. Black hakuamini. Ingewezekanaje mji mzima uwe na meno ya namna hiyo na pasiwe na hata aya moja vitabuni? Akaomba atumiwe meno yenyewe. Alipoyapata aliyachanja vipande vyembamba, akayatazama kwa hadubini, kisha mwaka 1909 akafunga safari.

Kabla hajafika, McKay na wenzake walikuwa wameshazunguka shuleni na kukagua vinywa vya watoto 2,945. Kati ya waliozaliwa pale mjini, asilimia 87.5 walikuwa na madoa. Black, mzee wa heshima zake, alitembea mitaani akiwasimamisha watoto waliokuwa wakicheza, akawauliza habari za michezo yao, na huku wakijibu yeye akawa anatazama meno. Alisikitika. Aliandika baadaye kwamba mgeni hana haja ya kuutafuta ubaya ule, maana unamjia wenyewe, na kwamba mtoto hatakua akauacha nyuma, bali ataishi nao maisha yake yote.

Naona jambo la maana hapa. Watu hawa wawili hawakuwa wakitafuta ugonjwa unaoua wala unaouma. Walichofuatilia ni jambo la sura tu, aibu ya mtoto anayefumba mdomo anapocheka. Wakati huo kulikuwa na maradhi makubwa kuliko hayo, na wapo waliowaona wanapoteza muda. Lakini mambo mawili waliyoyagundua katika kuifuatilia aibu hiyo yalikuja kugeuza fani nzima. La kwanza, doa huanza jino likiwa bado ndani ya taya, linapojengwa. Watu waliohamia Colorado wakiwa na meno yao ya ukubwani hawakupata doa hata wangekaa huko miaka mingapi. La pili lilikuwa gumu kuamini: meno yale mabaya ya kutazama hayakuwa yakitoboka ovyo. Enameli yake, yaani lile ganda gumu la nje la jino, ilikuwa na kasoro dhahiri chini ya hadubini, na bado ilistahimili kuoza kuliko enameli nzuri ya watu wa miji mingine. Black alifariki mwaka 1915. Maandiko yao ya pamoja yakatoka mwaka 1916, yakiwa na maelezo kamili ya doa na bila neno la uhakika kuhusu chanzo chake.

Wala Colorado haikuwa peke yake. Mwaka ule ule wa 1901, daktari wa serikali ya Marekani aliyekuwa Naples akiwapima Waitaliano waliotaka kuhamia Marekani, J. M. Eager, aliandika ripoti fupi juu ya watu wa Pozzuoli waliokuwa na meno meusi-meusi yenye mikwaruzo kama maandishi. Pozzuoli imekaa juu ya volkano, na wenyeji wake walilaumu mvuke wa chini ya ardhi na maji. Ripoti hiyo ilikaa kabatini. Laiti McKay angeisoma siku ya kwanza, pengine angeanza na volkano.

Wakati chanzo hakijulikani, wagonjwa walitaka dawa. Ndivyo watu walivyo: msichana anayetarajia kuolewa hana subira ya kungoja sayansi. Katika maandiko ya fani anatajwa Walter Kane, daktari wa Colorado Springs hiyo hiyo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwapaka wagonjwa asidi ya hidrokloriki kwenye meno na kuyatia joto, na doa likatoka. Asidi hiyo hiyo ndiyo inayosafishia vyuma. Mtu angedhani ni ushenzi mtupu, na kwa mkono usio na ujuzi ni ushenzi kweli, kwa sababu ikigusa ufizi inaunguza. Ila Kane alikuwa amegusa ukweli ambao ulikuja kuelezwa vizuri zaidi ya nusu karne baadaye, na walioueleza waliupata katika vinywa vya watoto wa Tanzania.

McKay yeye aliendelea kufuata maji. Mwaka 1923 aliitwa na wazazi wa Oakley, mji mdogo wa Idaho. Akina mama wa pale walikuwa wametambua jambo lililowapita madaktari: watoto walianza kuota meno yenye madoa baada ya mji kuvuta bomba kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa kilomita nane hivi kutoka mjini. Watoto waliokunywa maji ya kwingine walikuwa salama. McKay akapeleka maji hayo yapimwe. Majibu yakarudi kwamba hayana kasoro. Akawashauri hata hivyo wayaache. Mwaka 1925 wakaliacha bomba lile na kuvuta maji ya chemchemi nyingine. Miaka ikapita, watoto wadogo wakaota meno ya kudumu meupe. Mji ukawa umeponya kizazi kizima kwa kubadilisha bomba, na hakuna aliyejua ndani ya maji ya zamani kulikuwa na nini.

Kitendawili kilikuja kuteguliwa Bauxite, Arkansas, mji uliojengwa na kampuni kubwa ya alumini, Alcoa, kwa ajili ya wachimbaji wake. Mwaka 1928 McKay alikwenda huko pamoja na Grover Kempf wa idara ya afya ya serikali. Watoto waliokuzwa kwa maji ya visima virefu vya mji ule walikuwa na meno yaliyoharibika vibaya. Wa mji wa jirani, hawana hata doa. Ripoti yao ilipochapishwa ilifika mezani kwa H. V. Churchill, mkemia mkuu wa Alcoa kule New Kensington, Pennsylvania, na ikamtia kiwewe. Siku zile kulikuwa na uvumi uliosambaa kwamba sufuria za alumini zinawatia watu sumu. Sasa mji wa kampuni yenyewe, uliopewa jina la madini ya alumini, watoto wake wana meno ya kahawia! Churchill hakuwa na nia ya kuponya tabasamu la mtu. Alitaka kuilinda biashara ya sufuria. Tusimnyime haki yake, kwani alikuwa na kifaa ambacho McKay hakuwa nacho, mashine ya kuchoma sampuli na kusoma mwanga wake, inayoonyesha hata chembe ambazo vipimo vya kawaida vya maji havikuwa vikitafuta.

Inasimuliwa kwamba msaidizi wake alipomletea jibu, Churchill alikataa na kumwamuru alete sampuli nyingine, akidhani ile ya kwanza imechafuliwa. Ya pili ikatoa jibu lile lile. Tarehe 20 Januari 1931 akamwandikia McKay barua ya kurasa tano: maji ya Bauxite yana floraidi, miligramu 13.7 kwa lita. Akaomba maji kutoka sehemu nyingine zenye madoa. McKay akakusanya na kumpelekea. Oakley, kwenye chemchemi iliyoachwa, 6. Colorado Springs, 2. Miaka thelathini ya McKay ikapata jibu kwa jina la madini yasiyo na rangi, yasiyo na harufu, na ambayo kwa viwango hivyo huyaonji ulimini. Mwaka huo huo watafiti wa Arizona, Margaret Cammack Smith na wenzake, walilifikia jibu hilo kwa njia yao wenyewe, wakawalisha panya floraidi na kuyaona meno yao yakiharibika.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita haraka. Serikali ya Marekani ilimkabidhi jambo hilo H. Trendley Dean, akapima miji kwa miji mpaka akaona kwamba karibu na miligramu 1 kwa lita meno hayapati doa la kuonekana na hayatoboki sana. Tarehe 25 Januari 1945 Grand Rapids, Michigan, ukawa mji wa kwanza duniani kutia floraidi kwenye maji kwa makusudi. Miaka ya 1950 floraidi ikaingia kwenye dawa ya meno inayouzwa madukani. Leo mtu wa Dar es Salaam akisoma neno hilo kwenye tyubu bafuni, anasoma matokeo ya aibu ya watoto wa Colorado.

Lakini wenye madoa tayari walikuwa wamebaki na madoa yao. Mwaka 1937 J. W. Ames alichapisha njia ya kuyatoa kwa mchanganyiko wa haidrojeni peroksaidi kali na etha, uliolowekwa kwenye pamba na kutiwa joto juu ya jino kwa karibu nusu saa. Alikuwa akiwatibu hao hao wenye meno ya kahawia. Ung'arishaji wa meno mazima yaliyo hai kwa peroksaidi, ambao sasa matangazo yake yanatufuata mpaka kwenye simu, sehemu kubwa ulifanyiwa mazoezi katika vinywa vya watu walionyweshwa maji mabaya.

Wakati huo huo, upande wa pili wa nchi, mambo yalikuwa ya anasa. Miaka ya 1930 Charles Pincus, daktari wa meno wa Beverly Hills, aliwatengenezea nyota wa sinema maganda membamba ya kubandika mbele ya meno kwa unga wa kugandisha meno ya bandia. Yalidumu kwa muda wa kupiga picha. Nyota akitaka kula, anayavua. Shirley Temple, mtoto aliyependwa na dunia nzima, alivaa maganda ya namna hiyo ili watazamaji wasijue kwamba naye, kama mtoto yeyote, alikuwa aking'oka meno ya utoto. Nasema wazi kwamba hapo ndipo tabasamu jeupe lisilo na kosa lilipogeuka kuwa kipimo cha watu wote, ingawa hata wenyewe walioliigiza hawakuwa nalo.

Ganda lile lilihitaji gundi. Mwaka 1955 Michael Buonocore wa Rochester, New York, alionyesha kwamba enameli ikipakwa asidi ya fosforiki kwa nusu dakika, uso wake hukwaruzika na kufanya vijishimo vidogo mno, na plastiki ikimiminwa humo hushika. Mwaka 1962 Rafael Bowen akapewa hataza ya resini yenye nguvu ya kutosha kukaa kinywani. Kwa hayo mawili, na majaribio ya wengine waliofuata, ilipofika mwaka 1983 vipande vya kauri vyembamba kama ukucha vikawa vinabandikwa juu ya jino na kudumu miaka mingi. Hizo ndizo vinia.

Na ung'arishaji ukapata bahati yake huko huko Arkansas. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Bill Klusmeier, daktari wa kunyoosha meno wa Fort Smith, alimpa mgonjwa mwenye ufizi ulioumia dawa ya peroksaidi ya kuua vijidudu, aivae usiku ndani ya kifaa chake cha meno. Ufizi ukapona, na meno yakawa meupe. Njia hiyo ilipita mdomo kwa mdomo kati ya madaktari kwa miaka ishirini, mpaka Van Haywood na Harald Heymann wa North Carolina walipoichapisha mwaka 1989. Miaka mitatu kabla yake, 1986, Theodore Croll alikuwa ameirudisha asidi ya Kane, safari hii ikiwa ya asilimia 18, iliyochanganywa na unga wa jiwe la kusugulia, na wagonjwa wakifungwa mpira maalumu kuzuia isiguse ufizi. Doa la juu juu linasuguliwa pamoja na utando mwembamba sana wa enameli.

Kwa nini inafanya kazi? Hapa ndipo kisa kinapovuka bahari.

Bonde la Ufa ni nchi ya volkano. Miamba ya Meru, Kilimanjaro na Oldoinyo Lengai ina floraidi nyingi, na mvua ikipita ndani yake inaibeba. Maziwa ya magadi ya Momella, chini ya Mlima Meru, yana viwango ambavyo Churchill angerudia kupima mara kumi. Mito inayotoka upande huo, Maji ya Chai na Engare Nanyuki, ina floraidi mara nyingi zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisipitwe. Upande wa Kenya ni vivyo hivyo kuzunguka Nakuru na Naivasha. Ockerse, mtaalamu kutoka Afrika Kusini, aliandika juu ya meno ya huko mwaka 1953.

Kwenye nchi hizi uzuri wa meno una historia ndefu yake yenyewe. Wamaasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini, Wamakonde walichonga ya kwao yakawa na ncha, na mwambao mzima unausifu mwanya mpaka leo. Yote hayo mtu aliyachagua au alichaguliwa na watu wake. Doa la kahawia hakuna aliyelichagua, na sijasikia kabila lililoliimba.

Mwaka 1964 P. Grech na Michael Latham, daktari wa lishe aliyezaliwa Kilosa, walichapisha habari za watu wa kaskazini mwa Tanganyika. Hawakuishia kwenye meno. Walionyesha kwamba floraidi ikizidi mno kwa miaka mingi huingia mifupani, mgongo ukakakamaa na viungo vikaharibika. Kwa hiyo jambo la sura lilikuwa pia taarifa ya mapema: jino la mtoto linasema maji ya kijiji yatawafanyia nini wazee.

Ndipo wakaja Wadenishi wawili, Anders Thylstrup na Ole Fejerskov. Mwaka 1978 walitoa kipimo cha kupanga ukali wa doa kuanzia 0 hadi 9, walichokijenga kwa kuchunguza meno ya watoto wa Tanzania, katika nchi ambayo maji ya baadhi ya vijiji yalifika miligramu 21 kwa lita. Walikausha jino kwa pamba, wakalitazama kinywani, kisha wakalinganisha na kile kilichoonekana ndani ya enameli ya meno yaliyong'olewa. Walichokuta kinapaswa kusemwa kila kliniki ya mama na mtoto. Jino lenye floraidi nyingi halioti likiwa la kahawia. Linaota jeupe, jeupe kuliko kawaida, weupe wa chaki, kwa sababu chini ya uso wake enameli ina matundu madogo mno yasiyojazwa madini. Rangi inaingia baadaye, kutoka kwenye chakula na vinywaji, inakaa ndani ya matundu hayo na kukolea. Mashimo nayo hayakuwapo jino lilipoota. Enameli dhaifu humeguka mtu anapotafuna. Ndiyo maana asidi ya Kane iliweza kulitoa doa, kwa kuwa mara nyingi halijazama mbali. Ndiyo maana pia kusugua kwa mkaa, mchanga au limau, kama wanavyofanya wengi kwa kukata tamaa, kunaikwangua enameli ambayo tayari haina nguvu na kuyafungua matundu zaidi. Wenye meno hayo hawakuacha kupiga mswaki. Kuwaita wachafu ni dhuluma, na dhuluma hiyo wameipata shuleni, makazini na katika posa.

Maji siyo mlango pekee. Katika miaka ya 1990 watafiti walikwenda Kibosho, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, ambako maji yana floraidi kidogo sana, na bado wakakuta watoto wenye meno yaliyoathirika vibaya. Kidole kilielekezwa kwenye magadi. Magadi yanayookotwa ardhini ndiyo yanayolainisha maharage, makande na kiburu. Mtoto aliyeachishwa ziwa anakula chungu kimoja na wakubwa. McKay hakuwahi kukutana na jambo hilo, kwa sababu Colorado hawakupika kiburu.

Serikali ya Tanzania ilikuwa katika njia panda. Ingeshika kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ingelazimika kufunga vyanzo vingi vya maji vya kaskazini na kuwarudisha akina mama kwenye madimbwi. Katika miaka ya 1970 ikaruhusu kwa muda miligramu 8 kwa lita vijijini. Muda ule ukawa mrefu, vizazi vikaota meno ndani yake, hadi kiwango kiliposhushwa kuwa 4 na hatimaye 1.5. Sioni haja ya kumtafuta mkosaji, maana kiu haisubiri maabara, ila gharama ya uamuzi huo inaonekana kwa macho kila mtu wa rika hilo anapocheka.

Ngurdoto, karibu na lango la Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kiko kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi. Njia yao kuu ni mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, inasagwa, maji yanapitishwa humo, na floraidi inanasa. Inanasa kwa sababu madini ya mfupa ni ndugu wa madini ya jino: kile kinachoivuta floraidi ndani ya taya la mtoto ndicho kinachoivuta ndani ya ndoo. Kuna wanaouliza mifupa ni ya mnyama gani na alichinjwaje, nalo ni swali la haki linalotakiwa jibu la wazi. Kuchemsha maji hakusaidii hata kidogo, kwa kuwa mvuke unapanda na floraidi inabaki sufuriani ikiwa imekolea. Mwaka 2015 Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha, mzaliwa wa Gongali huko Karatu, alishinda tuzo ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi Afrika inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Chujio lake linaunganisha mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali, floraidi ikiwemo. Na jiji la Arusha limepata mradi wa maji wa zaidi ya shilingi bilioni 500, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao mojawapo ya kazi zake ni kupunguza floraidi kwa kuleta maji ya visima vipya.

Aliyekwisha kuota meno yake anakwenda kliniki. Daktari anayajua matabaka ya wale Wadenishi: doa jepesi atalijaribu kwa peroksaidi ndani ya kifaa cha kuvaa usiku, lililokolea atalisugua kwa asidi na unga, kisha alitie peroksaidi, jino lenye mashimo atalijaza resini, au kulivisha vinia. Enameli ya aina hii haishiki gundi vizuri kama nyingine, hivyo wengi huikwangua kidogo kwanza au kuirefushia muda wa asidi. Vinia za meno ya mbele bei yake inaumiza mtu wa mshahara wa kawaida, na wenye vipande hivyo vya kauri mjini mara nyingi ni watu ambao meno yao hayakuwa na tatizo. Usuguaji wa asidi hauna gharama ya kutisha, na kwa doa la kati unatosha kabisa. Inasikitisha kuona vijana wanavunja kibubu kununua vinia kabla hawajaambiwa kwamba upo.

Yote hayo ni kwa jino lililokwisha toka. Meno ya mbele ya kudumu huanza kujengwa mtoto akiwa bado mchanga, na mpaka anapofika miaka minane hivi karibu yote yanayoonekana akicheka yameshamaliza enameli yake. Kwa hiyo mzazi mwenye meno ya kahawia akija kung'arishwa akiwa amebeba mtoto mgongoni, daktari makini huanza na maswali ambayo akina mama wa Oakley walijiuliza wenyewe: nyumbani mnachota maji wapi, na tangu lini? Halafu anaongeza moja la kwetu: maharage mnayalainisha na nini?